Kinyozi Hajinyoi: Mwalimu Naye Hufunzwa

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu, wazee wa kamati za shule na wazazi, juu ya namna mwalimu wa shule ya dini awezavyo kuendelea kujifunza kazi yake katika nchi ya watu wa kabila nyingi na imani nyingi.



Kazi yangu ni kufasiri. Hupewa maandishi ya Serikali yaliyoandikwa kwa Kiingereza, nami huyaweka katika Kiswahili ili kila mtu ayasome. Katika maandishi ya elimu ya siku hizi kuna maneno yanayorudiwa sana, nayo ni "kujiendeleza kitaaluma kwa walimu". Maneno hayo ni marefu, lakini maana yake ni fupi: ni mwalimu kujifunza tena, baada ya kutoka chuoni, siku zote za kazi yake. Wahenga walikwisha kusema kwamba kinyozi hajinyoi. Awe fundi namna gani, humhitaji mwenziwe amshikie wembe. Mwalimu naye ni vivyo hivyo.

Leo nataka kusema habari za mwalimu mmoja hasa, yaani yule afundishaye katika shule iliyoanzishwa na kanisa au na Waislamu au na watu wa dini nyingine, na ambaye mbele yake wameketi watoto wasio wa dini hiyo peke yake. Katika Kenya walimu wa namna hii ni wengi mno. Shule zetu nyingi za zamani zilijengwa na misheni, na mpaka leo makanisa ni wafadhili wa shule nyingi za umma. Lakini mtoto haulizwi ubatizo wake ili aandikishwe. Katika darasa moja la Nakuru, la Mombasa au la Isiolo huenda akawamo Mkatoliki, Mwislamu, Mwadventista, mtoto wa Akorino mwenye kilemba, na mtoto ambaye wazazi wake hawafuati dini yo yote. Nyumbani wanasema lugha tano au sita. Mwalimu ni mmoja. Je, alifundishwa wapi kuwafundisha hao wote pamoja?

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki kuangalia hali ya elimu. Mkubwa wake alikuwa Dr. Thomas Jesse Jones, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dr. James Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Waliona shule nyingi ndogo za vijijini zilizo chini ya misheni, na walimu ambao wengi wao walijua kusoma, kuandika na katekisimu, wala hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha zaidi ya hayo. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana J. W. C. Dougall, ambaye alikuwa mwandishi wa Tume ile.

Jina la Jeanes lilitoka mbali. Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia alitoa dola milioni moja mwaka 1907 ili zisaidie shule za watu weusi katika mashamba ya kusini mwa Marekani. Mwalimu wa kwanza wa mpango huo, mwaka 1908, alikuwa Bibi Virginia Randolph wa Henrico katika Virginia, mwenyewe mtu mweusi. Kazi yake ilikuwa kwenda kutoka shule hata shule, akiwasaidia walimu wenzake pale pale darasani na shambani. Hakwenda kuwahukumu. Alikwenda kufanya kazi pamoja nao.

Jambo hilo ndilo lililoletwa Kabete. Misheni zilichagua walimu wao wenye uzoefu, wakaja pamoja na wake zao, kwa maana mke naye alifunzwa. Walipomaliza walirudi makwao, kila mmoja akapewa kundi la shule za vijiji, akawa mwalimu wa walimu. Na katika Kabete watu wa misheni mbalimbali na wa kabila mbalimbali waliishi mahali pamoja na kujifunza pamoja, wakati ambapo nje misheni hizo zilikuwa zimegawana nchi kama mashamba, kila moja na mpaka wake.

Haifai kuificha kasoro ya mpango huo. Waafrika wengi waliona kwamba elimu ya namna ile ilikusudiwa kumweka Mwafrika kijijini na jembe lake, asipande juu. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Baada ya ugomvi wa Wakikuyu na misheni uliopamba moto mwaka 1929, wazazi wengi walijenga shule zao wenyewe, na shule hizo nazo zikahitaji walimu. Kwa hiyo mwaka 1939 kilifunguliwa Chuo cha Walimu cha Githunguri, chini ya Bwana Mbiyu Koinange, kwa fedha walizochanga wananchi. Chuo hicho kilifungwa na Serikali ya kikoloni mwaka 1952 katika Hali ya Hatari. Nayataja mambo haya mawili pamoja, Kabete na Githunguri, kwa sababu pande mbili zilizopingana juu ya karibu kila jambo lingine zilikubaliana katika hili moja, kwamba jengo bila mwalimu aliyefunzwa si shule.

Sasa twende pwani. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walihuzunika kuona kwamba watoto wao wengi walikuwa nyuma katika shule. Waliomba msaada kwa Aga Khan, na mwaka 1986 ukaanza huko Mombasa mpango wa shule za watoto wadogo uliojengwa juu ya madrasa. Mwalimu aliyeuongoza mwanzoni alikuwa Bi. Swafiya Said. Baadaye mpango huo ulifika Unguja na Uganda pia.

Walioutengeneza mpango huo hawakuleta walimu kutoka mbali. Walichukua wanawake wa mtaa huo huo, wengi wao wakiwa hawakusoma sana, wakawafunza. Na mafunzo hayakuishia katika semina ya siku tatu yenye chai na maandazi. Mwalimu mpya alifundishwa kidogo, akarudi darasani, kisha mkufunzi akamfuata huko huko, akamtazama akifundisha, wakakaa chini wakazungumza, akaenda, akarudi tena. Kazi hiyo iliendelea kwa miezi mingi. Vifaa vilikuwa vifuu, makombe ya pwani, mbegu, visoda na vitambaa. Nyimbo na hadithi za Kiswahili ziliingizwa katika mafunzo, na mafundisho ya dini yakaenda sambamba na kuhesabu na kusoma. Wazazi waliunda kamati zao kuziangalia shule hizo.

Basi tunao ushahidi kutoka upande wa Wakristo na upande wa Waislamu, nao unasema neno moja: mwalimu hujifunza vizuri zaidi pale anapofanyia kazi, kwa kusaidiwa mara kwa mara na mtu anayeijua kazi hiyo.

Kuna ushahidi wa tatu, nao ni wa Serikali yenyewe. Mwaka 1998 Kenya ilianza, kwa msaada wa Japani, mpango wa kuimarisha mafundisho ya hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ulioitwa SMASSE. Ulianza katika wilaya 9, na kuanzia mwaka 2003 ukaenea nchi nzima. Walimu walifunzwa na walimu wenzao wakati wa likizo, na sehemu ya gharama ilitoka katika karo. Walifundishwa mwendo wa hatua nne: panga somo, lifundishe, litazame, kisha litengeneze upya. Katika mafunzo hayo mwalimu wa shule ya Kikatoliki aliketi pamoja na mwalimu wa shule ya Kiislamu, wote wawili wakitafuta njia ya kumweleza mtoto sehemu na desimali. Hakuna aliyetoka pale amepungukiwa imani.

Mtu aweza kuuliza, "Ikiwa hayo yote yamekwisha kufanyika, shida iko wapi?" Shida ni kwamba hisabati ina kitabu chake, lakini kuishi na watoto wa imani nyingi mara nyingi huachiwa busara ya mwalimu peke yake. Na busara isiyofunzwa huweza kukosea. Nitatoa mifano michache ya mambo yanayoweza kutokea katika shule yo yote.

Mwalimu wa kilimo anataka darasa lifuge nguruwe, kwa kuwa nguruwe hukua upesi na huleta fedha. Watoto wa Kiislamu wanasimama kando. Mwalimu anawaandika kuwa ni wavivu. Mwalimu wa hesabu anamwambia kila mtoto aseme mbele ya wote wako wangapi nyumbani mwao, na mtoto mmoja ananyamaza, kwa sababu kwao kuwahesabu watoto wa mtu hadharani ni jambo baya. Mwalimu anadhani hajui kuhesabu. Mwalimu wa michezo anapanga mashindano ya mbio saa nane mchana katika mwezi wa Ramadhani, naye hakujua ya kuwa mwezi huo huja mapema zaidi kwa kadiri ya siku 11 kila mwaka, basi kalenda aliyoitumia mwaka juzi haimfai tena. Katika mifano hii yote mwalimu hana chuki na mtu. Amekosa tu maarifa fulani, na maarifa hayo yangaliweza kupatikana kwa kumwuliza jirani.

Kosa kama hilo lisipoangaliwa huweza kukua likafika mbali. Mnakumbuka habari ya shule moja ya Isiolo iliyo chini ya ufadhili wa Kanisa la Methodist. Kuanzia mwaka 2014 kulikuwa na mabishano juu ya wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mahakama Kuu mwaka 2015 ilikubaliana na kanisa. Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ikageuza hukumu, ikawapa haki wanafunzi. Mwezi wa Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu hiyo ya Rufani, kwa sababu dai la upande wa wanafunzi halikuwa limeletwa mahakamani kwa utaratibu unaofaa. Sisemi hapa nani alikuwa na haki. Wapo majaji kwa kazi hiyo, na wao wenyewe hawakuwa na neno moja. Ninalosema ni kwamba kwa miaka karibu mitano mawakili walipokuwa wakisema, walimu waliendelea kuingia darasani kila asubuhi na kuwaona watoto wale wale. Sheria huweza kuamua juu ya kitambaa. Haiwezi kumfundisha mwalimu namna ya kumtazama mtoto aliyekivaa.

Hata hivyo sheria yafaa ijulikane, na hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila mwalimu wa shule ya dini angepaswa kujifunza. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba Kenya haina dini ya Serikali, na katika kifungu cha 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaeleza kazi za mfadhili wa shule. Anaruhusiwa kuangalia maendeleo ya kiroho na kuleta kasisi, lakini kwa sharti kwamba madhehebu na dini za watu wengine zilindwe. Maneno hayo yote mawili yamo katika kifungu kimoja, wala mtu hawezi kusoma nusu ya kwanza na kufunga kitabu. Tena mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wanafunzi Waadventista wanaoishika Sabato siku ya Jumamosi waheshimiwe ibada yao. Mwalimu mkuu asiyeyajua mambo haya atatunga amri Jumatatu na kuifuta Ijumaa.

Jambo la pili la kujifunza ni watoto wenyewe: lugha yao, miiko yao, saumu zao, sikukuu zao, na kazi wanazofanya nyumbani kabla ya kuja shule. Katika hili mwalimu bora wa mwalimu ni mzazi. Si lazima kumwita mtaalamu kutoka Nairobi. Mwalimu mkuu aweza kumwalika imamu wa mtaa, mchungaji, mama mzee wa kabila lililo dogo katika shule hiyo, akazungumza na walimu nusu saa katika chumba cha walimu, naye akaulizwa maswali kwa adabu. Kuuliza si ujinga. Wenye wageni ndio wapaswao kuuliza kwanza mgeni hula nini.

Jambo la tatu ni kufundisha kwenyewe. Hapa nasema na walimu peke yao. Wengi wenu mmekaguliwa, lakini ni wachache waliopata kutazamwa na rafiki. Mkaguzi huja na daftari, nawe unatetemeka, na siku hiyo unafundisha kama mtu mwingine. Basi fanyeni hivi. Walimu watatu au wanne waafikiane siku moja katika juma. Mmoja afundishe, wengine wakae nyuma. Wasimtazame mwalimu; wawatazame watoto. Ni mtoto gani hakuinua mkono hata mara moja? Ni nani aliyejibu kwa lugha ya kwao, akachekwa? Ni nani aliyeachwa nje na mfano uliotolewa? Kisha wazungumze kwa muda wa robo saa, waandike jambo moja tu la kugeuza, na juma lijalo waangalie kama limegeuka. Gharama yake ni karatasi na saa moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa kuna manung'uniko mawili ambayo sharti niyajibu kwa haki.

La kwanza ni la fedha na muda. Mwezi wa Septemba 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu ilitangaza mpango wa kila mwalimu kuendelea kusoma ili cheti chake cha kufundisha kifanywe upya kila baada ya miaka mitano. Mpango ulikuwa wa sehemu 6, kila sehemu miaka mitano, yaani miaka 30 kwa jumla, na mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Malalamiko yalikuwa makubwa. Mwalimu mwenye watoto wake wa kulipia karo aliuliza kwa nini anunue elimu ya kumfaa mwajiri. Swali hilo ni halali. Virginia Randolph hakuwatoza walimu aliowatembelea, na walimu wa Kabete hawakununua nafasi zao. Elimu anayolazimishwa mtu kuinunua humpa cheti, lakini huweza kumnyima hamu. Wale wanaopanga mambo haya wangefanya vyema kukumbuka kwamba mipango niliyoieleza leo ilistawi kwa sababu mafunzo yalimfuata mwalimu darasani kwake, wala si mwalimu kuyafuata kwa kuuza mbuzi.

Lakini nawaambia walimu vile vile: msiache kujifunza kwa sababu ya ugomvi wa malipo. Mtaala mpya ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 na kuingia shuleni mwaka 2019 unataka mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, si anachokumbuka tu. Mwalimu hawezi kuuliza mtoto anaweza kufanya nini ikiwa hamjui mtoto huyo ni nani.

Manung'uniko ya pili ni ya imani. Wazee wengine wa makanisa na wa misikiti husema, "Tukianza kuwafunza walimu wetu habari za dini za watu, shule yetu itapoteza dini yake." Wazee hao nawaheshimu. Wao au baba zao walibeba mawe kujenga shule hizo. Lakini nawaomba wapime. Kumfahamu jirani si kuingia katika nyumba yake na kukaa. Katika shule zetu Serikali inaruhusu somo la dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, kila mtoto kwa imani yake, na hakuna aliyeiba somo la mwenziwe. Tena shule ya dini ina deni ambalo shule nyingine hazina. Yenyewe imetangaza mbele ya watu kwamba inamwabudu Mungu mwenye haki na huruma. Mtoto wa imani nyingine akidharauliwa humo, hatasema kwamba mwalimu fulani hakufunzwa vizuri. Atasema kwamba dini ile ndivyo ilivyo. Nani basi atakuwa ameiharibia shule dini yake?

Nakaza neno hili, kwa kuwa tumeona katika nchi yetu, mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa mwaka 2008, jinsi majirani wanavyoweza kugeukiana. Waliokuwa wakipigana walikuwa wamepita shuleni, wengi wao katika shule zenye msalaba juu ya mlango. Walifundishwa kusoma na kuhesabu, na wengine walikwisha kusahau kwamba waliwahi kukaa dawati moja na mtoto wa kabila lile.

Kwa hiyo naacha nanyi mambo matatu ya kufanya muhula huu. Wazee wa bodi na wafadhili, tengeni katika hesabu zenu fedha kidogo za kuwafunza walimu, kama mnavyotenga za rangi na mabati, na someni pamoja kile kifungu cha sheria juu ya kazi ya mfadhili mpaka mwisho wake. Walimu wakuu, wapeni walimu saa moja katika juma ya kutazamana, wala msiitumie saa hiyo kwa mikutano mingine. Nanyi walimu, tafuteni mwenzenu mmoja, ikiwezekana wa dini nyingine au wa shule ya upande wa pili wa barabara, mkamwombe aje akae nyuma ya darasa lenu.

Wembe mnao tayari. Kilichobaki ni mtu kuinamisha kichwa.